Kalsiamu, Tezi ya Nzi na Hoja za Michael Berridge

Tezi ya mate ya nzi wa mzoga ni mrija mwembamba uliolala ndani ya mwili wa mdudu, umefungwa upande wa nyuma na kufunguka upande wa kinywani. Mtafiti mwenye mkono mtulivu huutoa chini ya hadubini, huukata, kisha huuweka upande uliofungwa ndani ya tone la maji ya chumvi lililozamishwa kwenye mafuta ya parafini. Ncha iliyokatwa huvutwa nje ya tone na kubaki ndani ya mafuta. Mate yakitoka hayachanganyiki na mafuta hayo. Hujikusanya yakawa kitone cha mviringo, na kipenyo cha kitone kikishapimwa, ujazo wake hupatikana kwa hesabu za sekondari. Tezi iliyotulia hutoa mate kidogo mno. Tia serotonini chembe tu kwenye lile tone la maji ya chumvi, na mate huanza kumiminika.

Jaribio hilo halihitaji mtambo wa mamilioni. Ndilo, hata hivyo, lililomfikisha Michael Berridge wa Cambridge kwenye jibu la swali lililowasumbua wanabiolojia kwa miaka mingi: homoni inapogusa utando wa nje wa seli, ni kitu gani kinachopeleka amri ndani, kalsiamu ikafunguliwa kutoka ghala lake ndani ya seli? Jibu lilichapishwa mwaka 1983, na leo hakuna kitabu cha biolojia ya seli kinachoweza kulikwepa. Ninavyoona mimi, Berridge alifika huko kwa sababu hakuanza kama mtafutaji wa ujumbe. Alianza kama mpimaji wa maji na chumvi: kiasi gani kimeingia, kiasi gani kimetoka, kimepitia wapi. Na pale alipokiacha kipimo akashika nadharia pana za kueleza magonjwa, hoja zake zilikuwa na mashaka zaidi.

Alizaliwa mwaka 1938 Gatooma, mji unaoitwa leo Kadoma, nchini Zimbabwe, katika eneo la pamba. Shahada ya kwanza aliisomea Salisbury, Harare ya leo, katika chuo kikuu kipya cha Rhodesia na Nyasaland. Mwalimu aliyemwingiza kwenye fiziolojia ya wadudu alikuwa Eina Bursell, na hapa Shinyanga ina sehemu yake katika habari hii. Kabla ya kuhamia kusini, Bursell alikuwa mtafiti wa mbung'o katika shirika la Afrika Mashariki la utafiti wa mbung'o na malale, lililokuwa na kituo chake Shinyanga. Kazi yake ilihusu maji: pupa wa mbung'o, aliyefukiwa kwenye udongo mkavu kwa wiki kadhaa bila kula wala kunywa, anawezaje kutokauka? Swali hilo lilikuwa na maana kubwa kwa wafugaji wa Usukuma, maana maisha ya mbung'o na mipaka ya makazi yake hutegemea jibu lake. Na kwa mwanafunzi kijana lilikuwa na fundisho jingine, kwamba mdudu mzima anaweza kusomwa kama hesabu ya maji.

Berridge akaenda Cambridge kufanya udaktari chini ya Vincent Wigglesworth, mtu aliyeifanya fiziolojia ya wadudu iwe fani inayojitegemea. Mdudu aliyemchagua ni kangambili, yule mwekundu ambaye mkulima wa pamba popote Afrika anamjua kwa kuchafua nyuzi. Utafiti ulihusu namna kangambili anavyotoa taka za nitrojeni mwilini. Kwa lugha ya mtaani, alikuwa anasoma mkojo wa mdudu. Alimaliza katikati ya miaka ya 1960 akavuka kwenda Marekani, kwanza Virginia, halafu Cleveland.

Kabla ya kumfuata huko, inafaa kuona swali la kalsiamu lilikuwa limefika wapi.

Mwanzo wake hutajwa kuwa ni London, mwaka 1883. Sydney Ringer alikuwa akiweka mioyo ya vyura kwenye maji ya chumvi na kuitazama ikidunda. Iliendelea vizuri, hadi ilipogundulika kwamba maji yaliyotumika hayakuwa yaliyosafishwa kwa kuchemshwa na kugandishwa mvuke wake bali maji ya bomba ya jiji, yenye chokaa ndani yake. Alipotumia maji safi kabisa, moyo ulisimama. Aliporudisha kalsiamu, ukadunda. Kwa miaka zaidi ya sitini baadaye wataalamu wengi waliendelea kuichukulia kalsiamu kama kitu cha mifupa na meno, isipokuwa wachache kama Lewis Heilbrunn wa Pennsylvania, ambaye mwaka 1947 pamoja na Wiercinski alionyesha kwamba kalsiamu ikitiwa moja kwa moja ndani ya uzi wa msuli, msuli hujikunja, na ioni nyingine za kawaida hazifanyi hivyo.

Namba zinaeleza kwa nini kalsiamu ina nguvu hiyo. Katika majimaji yaliyo nje ya seli, kalsiamu huru ni kama milimola 1 hadi 2. Ndani ya seli iliyotulia ni karibu nanomola 100. Tofauti inafika mara 10,000 na kupita. Aidha, utando wa seli una chaji hasi upande wa ndani, na kalsiamu ni ioni chanya, kwa hiyo kila kitu kinaisukuma iingie. Ikiachwa ijae, hushikana na fosfeti ambayo seli inaitegemea kwa nishati, na seli hufa. Seli basi inaishi kama jahazi lililozeeka mbao: linavuja pande zote, na mabaharia wanafua maji usiku na mchana. Ila seli imegeuza uvujaji wenyewe kuwa chombo cha kazi. Kwa kuwa ndani ni pakavu hivyo, tundu dogo likifunguka kwa sehemu ya sekunde linabadili hali papo hapo, na protini zilizotegewa kuinasa kalsiamu huamka.

Wanaofua maji ni pampu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Wilhelm Hasselbach na Madoka Makinose nchini Ujerumani, na Setsuro Ebashi nchini Japani, walionyesha kwamba vifuko vya ndani ya msuli hufyonza kalsiamu kwa kutumia ATP, molekuli ya nishati ya seli. Kila molekuli ya ATP huvusha ioni mbili. Mwaka 1966 Hans Schatzmann wa Uswisi alieleza pampu nyingine kwenye utando wa nje wa chembe nyekundu za damu. Mwishoni mwa muongo huo ikajulikana njia ya tatu, inayobadilishana: sodiamu tatu zinaingia, kalsiamu moja inatoka. Hii haitumii ATP moja kwa moja. Inategemea kazi ya pampu ya sodiamu, ile ambayo Jens Skou wa Aarhus aliitambua mwaka 1957 katika neva za kaa na kupewa Nobel miaka arobaini baadaye.

Wawindaji wa Kikamba na wa nyika ya pwani ya Kenya waliijua nguvu ya mpangilio huu bila kuhitaji majina hayo. Msunguti, mti ambao mbao na mizizi yake ilichemshwa kwa saa nyingi hadi ikatoka lami nyeusi ya kupaka kwenye mshale, una kemikali ya ouabaini, iliyotengwa na Arnaud nchini Ufaransa mwaka 1888. Ouabaini huziba pampu ya sodiamu. Pampu ikizibwa, sodiamu hujaa ndani ya seli za moyo. Sodiamu ikijaa ndani, haina tena hamu ya kuingia, na ile njia ya kubadilishana inapoteza msukumo wa kutoa kalsiamu nje. Kalsiamu inabaki, ghala la ndani linafurika, kila pigo la moyo linazidi nguvu, mapigo yanavurugika, na mnyama anaanguka. Mshale haukuleta kalsiamu hata chembe. Umeziba njia ya kutokea, basi. Digoksini wanayopewa wagonjwa wa moyo hospitalini hufuata mlolongo huohuo kwa kipimo kidogo. Kwangu, hakuna mfano unaoonyesha vizuri zaidi kwa nini mtu hawezi kuelewa kalsiamu kama ujumbe bila kwanza kuelewa usafirishaji wake.

Huko Cleveland, Berridge aliacha neli za mkojo za wadudu akahamia tezi za mate za nzi wa mzoga. Sababu ilikuwa ya kivitendo: sehemu kubwa ya tezi hiyo ina aina moja tu ya seli, kwa hiyo kinachopimwa kinatoka kwa seli hizo, si kwa mchanganyiko wa aina kumi. Katika chuo kikuu alichofanyia kazi huko alikuwepo pia Theodore Rall, aliyeshirikiana na Earl Sutherland kugundua siklik AMP, molekuli ya kwanza kuitwa mjumbe wa pili. Homoni hubisha hodi nje, siklik AMP huchukua habari ndani. Berridge alipojaribu, mate ya nzi yalitoka pia kwa siklik AMP peke yake. Mwaka 1968 yeye na Patel walilichapisha hilo katika jarida la Science. Ilionekana kama jambo limekwisha: serotonini nje, siklik AMP ndani, mate.

Halikuwa limekwisha, na lililolifungua upya ni kipimo cha umeme. Mate ya nzi hutengenezwa kwa potasiamu kusukumwa kuingia ndani ya mrija, kloridi kuifuata, na maji kuzifuata zote mbili. Kila ioni ikivuka, volti ya ukuta wa tezi hubadilika. Berridge, aliyekuwa amerudi Cambridge mwaka 1969 katika kitengo kidogo cha Baraza la Utafiti wa Kilimo, aliona kwamba serotonini na siklik AMP zote huongeza mate lakini volti hazifanani. Moja inaielekeza huku, nyingine kule. Maana yake ni kwamba serotonini ilikuwa inafanya mambo mawili. Siklik AMP ilishughulikia potasiamu. Kitu cha pili kilifungulia njia ya kloridi, na kitu hicho kilihitaji kalsiamu. Mwaka 1972, yeye, William Prince na Howard Rasmussen waliandika kuhusu kazi ya wajumbe hawa wawili katika tezi moja.

Ninasisitiza hatua hii kwa sababu katika simulizi nyingi za kazi yake hurukwa, msomaji akapelekwa moja kwa moja kwenye ushindi wa 1983. Lakini mtu aliyekuwa akitafuta ujumbe tu angeridhika na siklik AMP. Aliyekuwa akihesabu ioni hakuweza kuridhika, maana hesabu haikufunga.

Sasa swali likawa: kalsiamu inafunguliwa na nini? Fununu ilikuwepo tangu 1953, nayo ilitoka kwenye kongosho. Mabel na Lowell Hokin walikuwa wametia asetilikolini kwenye vipande vya kongosho wakaona fosforasi ya mionzi ikiingia kwa kasi kwenye aina fulani ya mafuta ya utando, mafuta yenye sukari ya inositoli. Kwa nini tezi inayotakiwa kutoa vimeng'enya ihangaike na mafuta ya utando wake? Kwa miaka ishirini hakuna aliyekuwa na jibu la kushawishi. Mwaka 1975 Robert Michell wa Birmingham alikusanya ushahidi wa fani nzima katika makala ndefu na kutoa hoja: kila homoni inayoleta kalsiamu inayavunja mafuta hayo, na homoni zisizoleta kalsiamu haziyavunji. Kwa hiyo kuvunjika ndiko kunakoleta kalsiamu. Wapinzani walijibu kwamba huenda ni kinyume chake, kalsiamu inaingia kwanza na mafuta yanavunjika baadaye. Mambo mawili yanayotokea pamoja hayatoshi kusema lipi lilimzaa mwenzake.

Jibu la nzi kwa ubishi huu ndilo, kwa maoni yangu, jaribio safi kuliko yote aliyofanya Berridge. John Fain, mgeni kutoka Marekani, alikuja Cambridge kwa likizo ya utafiti. Waliichochea tezi kwa serotonini nyingi kwa muda mrefu, wakiosha kila mara. Baada ya muda usafirishaji wa kalsiamu kupitia tezi ukachoka. Tezi yenyewe ilikuwa hai: ikipewa siklik AMP ilitoa mate kama kawaida. Kilichokufa ni upande wa kalsiamu peke yake. Kisha wakaipa inositoli, malighafi ambayo mafuta yaliyovunjwa yanahitaji ili yajengwe upya, na usafirishaji ukarudi. Matokeo yalitoka mwaka 1979. Kama mafuta yangekuwa matokeo ya kalsiamu, kuyaongezea malighafi kusingerudisha kalsiamu. Bila mafuta ya kuvunja hapakuwa na kalsiamu ya kusafirisha.

Bado Berridge hakujua ni kipande gani cha mafuta kinachobeba amri. Msaada ulitoka kwenye dawa ya magonjwa ya akili. Lithiamu, iliyoingizwa katika tiba na John Cade wa Australia mwaka 1949, ilikuwa imeonyeshwa na Hallcher na Sherman mwaka 1980 kuwa inazuia kimeng'enya kinachorudisha fosfeti za inositoli kuwa inositoli tupu. Ukitia lithiamu, mabaki ya mafuta yaliyovunjwa hunaswa yasiweze kutoroka, na yakiwa na alama ya mionzi unaweza kuyahesabu. Mwaka 1982, Berridge na wenzake Downes na Hanley walichapisha mbinu hiyo. Mwaka uliofuata wakatazama mpangilio wa muda. Baada ya sekunde 5 tu za serotonini, inositoli yenye fosfeti tatu ilikuwa imepanda, na yenye mbili pia. Yenye moja ilikuwa haijatikisika. Kwa hiyo kinachovunjwa kwanza si mafuta ya kawaida ambayo kila mtu alikuwa akiyapima tangu enzi za akina Hokin. Ni ndugu yake adimu mwenye fosfeti mbili za ziada, na kinachotoka humo ni inositoli trifosfeti, IP3 kwa kifupi.

IP3 inatokea kabla ya kalsiamu. Je, inaifungua? Hapa tezi ya nzi haikutosha, kwa sababu IP3 haivuki utando kutoka nje. Ilihitajika seli iliyotobolewa. Kundi la Irene Schulz jijini Frankfurt lilikuwa na ujuzi huo kwa seli za kongosho, pamoja na elektrodi za kupima kalsiamu katika majimaji yake. Robin Irvine wa Babraham, nje kidogo ya Cambridge, alitengeneza IP3 kutoka kwenye utando wa chembe nyekundu za damu. Hanspeter Streb akafanya majaribio. Zilipotobolewa, seli zilifyonza kalsiamu kwenye ghala lao hadi usomaji ukatulia. Ilipotiwa IP3, elektrodi ikaruka: kalsiamu imeachiwa. Walizima mitokondria, ambazo wengi walidhani ndizo ghala, na kalsiamu ikaachiwa vilevile. Makala yao ilitoka katika Nature mnamo Novemba 1983, kurasa tatu. Fumbo la kongosho lililoanza miaka thelathini kabla likawa limetatuliwa kwa kongosho, ingawa njia ilipitia kwa nzi.

Jambo lingine lilikuwa likiendelea Kobe. Yasutomi Nishizuka alikuwa ameonyesha kwamba kipande kinachobaki kwenye utando baada ya IP3 kukatika, diasiligliseroli, nacho ni ujumbe, kinachoamsha kimeng'enya kiitwacho protini kinasi C. Mafuta mamoja, kisu kimoja, amri mbili. Mwaka 1984 Berridge na Irvine waliandika mapitio katika Nature yaliyonukuliwa kwa maelfu, na fani ikafurika watafiti.

Yaliyofuata yanaweza kusemwa kwa ufupi. Mwaka 1989 maabara ya Katsuhiko Mikoshiba nchini Japani ilisoma jeni la kipokezi cha IP3, mlango mkubwa wa protini wenye sehemu nne kwenye ukuta wa ghala. Baadaye ilionekana kwamba sehemu zote nne lazima zishike IP3 ndipo mlango ufunguke. Mwaka 2007 ilibainika kwamba mtu akikosa kipande cha jeni hilo katika nakala moja hupata ugonjwa wa kupepesuka unaozidi polepole, kwa kuwa ubongo mdogo wa nyuma una vipokezi hivyo kwa wingi. James Putney alitoa hoja mwaka 1986 kwamba ghala likiisha hutuma habari kwenye utando wa nje ili kalsiamu iingie kulijaza. Protini za kazi hiyo, STIM na Orai, zilipatikana mwaka 2005 na 2006, na sehemu ya ushahidi ilitoka kwa watoto waliozaliwa bila kinga ya mwili, ambao seli zao nyeupe za damu hazikuweza kuingiza kalsiamu.

Panapostahili kutua ni kwenye suala la wakati. Kama kalsiamu ni ile ile, inawezaje kuiambia seli ya ini ivunje sukari iliyohifadhiwa, neva itoe kemikali yake, na seli ya kinga iwashe jeni? Jibu rahisi ni kwamba kila seli ina protini tofauti zinazosubiri kalsiamu. Ni kweli, lakini halitoshi, kwa kuwa seli moja hupokea amri nyingi kwa kalsiamu hiyohiyo. Berridge alikuwa na fununu mapema. Mwaka 1977 yeye na mwanahisabati Paul Rapp walipendekeza kwamba mizunguko ya kalsiamu na siklik AMP inaweza kupanda na kushuka yenyewe, na baadaye wakaonyesha volti ya tezi ya nzi ikicheza kwa mdundo. Wakati huo hakuna aliyekuwa na njia nzuri ya kuiona kalsiamu yenyewe ndani ya seli ndogo. Njia zilikuja kutoka pande mbili. Moja ilikuwa aikwarini, protini ya konyeza inayotoa mwanga ikigusana na kalsiamu, iliyotengwa na Osamu Shimomura mwaka 1962. Nyingine ilikuwa rangi za Roger Tsien, ambaye alianzia Cambridge kabla ya kuhamia California na kutoa fura-2 mwaka 1985. Mwaka 1986 Woods, Cuthbertson na Cobbold wa Liverpool walitia aikwarini kwenye seli moja moja za ini la panya. Homoni ilipoongezwa, kalsiamu haikupanda na kukaa juu. Ilipiga mapigo. Homoni ikizidi, mapigo hayakuwa makubwa zaidi, yalikuwa ya haraka zaidi.

Seli, kwa hiyo, huhesabu. Mwaka 1998 ilionyeshwa kwamba kimeng'enya kiitwacho CaMKII huitikia kasi ya mapigo, na mwaka huohuo makundi mawili yakaonyesha kwamba jeni tofauti huwashwa kwa kasi tofauti. Kasi hiyo nayo inatokana na usafirishaji: IP3 kufungua mlango, kalsiamu kidogo kuufungua zaidi, kalsiamu nyingi kuufunga, pampu kurudisha ghalani, kisha upya. Pale Babraham, alikohamia mwaka 1990, Berridge akiwa na Martin Bootman na Peter Lipp alitazama mapigo hayo yakianza kama mipasuko midogo sehemu moja ya seli kabla ya kuenea kama wimbi. Yai la mamalia likirutubishwa hupiga mawimbi hayo kwa saa kadhaa, yakichochewa na kimeng'enya kinacholetwa na mbegu ya kiume, kilichotambuliwa mwaka 2002.

Faida kwa mgonjwa? Hapa inabidi kuwa mkweli. Dawa zinazofanya kazi leo kwenye kalsiamu hazikutoka kwenye IP3. Amlodipini, ambayo wagonjwa wengi wa presha kuanzia Kisumu hadi Mtwara huimeza kila siku, huziba milango ya kalsiamu kwenye utando wa nje wa misuli ya mishipa ya damu. Siklosporini ya wenye figo za kupandikizwa huzuia kalsinurini, kimeng'enya kinachoamshwa na kalsiamu ndani ya seli za kinga. Kwenye mlango wa IP3 wenyewe hakuna dawa iliyofika dukani. Mlango huo uko kila mahali mwilini, na dawa inayouziba ingeziba kila mahali.

Nadharia zake za tiba ndizo ninazozitilia shaka zaidi. Mwaka 1982, na kwa upana zaidi mwaka 1989, Berridge na wenzake walitoa hoja kwamba lithiamu humsaidia mgonjwa wa baipola kwa kuupunguzia ubongo inositoli, hivyo kupooza njia ya IP3 pale tu inapofanya kazi kupita kiasi. Ni hoja ya kupendeza. Inaeleza kwa nini dawa haimgusi sana mtu ambaye njia zake zimetulia. Iliungwa mkono pia na viinitete vya chura wa Afrika mwenye kucha: lithiamu huvivuruga umbo, na mwaka 1989 Busa na Gimlich walionyesha kwamba inositoli huvinusuru. Lakini mwaka 1996 Klein na Melton walionyesha kwamba lithiamu huzuia kimeng'enya kingine kabisa, GSK-3, na kwa viinitete maelezo hayo yalikaa vizuri zaidi. Kwa ubongo wa binadamu kambi zote mbili zina ushahidi, na wala hazipingani kiasi cha kulazimisha moja ife. Tatizo ni kwamba jaribio la tezi iliyochoka, lile la 1979, haliwezekani kwa mgonjwa. Hakuna wa kukata ubongo na kuutumbukiza kwenye tone.

Katika miaka yake ya mwisho aliandika makala akipendekeza kwamba upungufu wa vitamini D, kwa kulegeza udhibiti wa kalsiamu, huchangia uzee na maradhi yake, Alzheimer ikiwemo. Kwamba kalsiamu huvurugika katika neva za Alzheimer ni jambo lenye ushahidi wa maabara nyingi. Kwamba vidonge vya vitamini D vitalizuia hilo ni jambo jingine. Jaribio kubwa la Marekani la VITAL, lenye watu 25,871, halikuona kupungua kwa saratani wala mishtuko ya moyo kwa waliopewa vitamini hiyo. Halikuipima nadharia yake moja kwa moja, ila linamkumbusha msomaji umbali ulipo kati ya pampu ya seli na afya ya taifa.

Heshima alipata: tuzo za Louis-Jeantet na Mfalme Faisal mwaka 1986, Lasker mwaka 1989, Shaw mwaka 2005, na cheo cha Sir mwaka 1998. Nobel hakupata. Katika wanne walioshiriki Lasker ile ya 1989, Gilman na Krebs walikuja kuitwa Stockholm. Berridge na Nishizuka hawakuitwa. Wengi wanaliona hilo kama dhuluma. Mimi naona pia ugumu wa kuhesabu watu: Hokin wawili, Michell, Irvine, Schulz, Streb, Nishizuka, na kanuni ya Nobel inaruhusu watatu tu.

Alifariki Februari 2020. Mwaka uliofuata maabara ya Colin Taylor, papo hapo Cambridge, ilitoa matokeo ambayo angeyapenda. Seli moja ina maelfu ya vipokezi vya IP3, lakini vinavyotoa kalsiamu ni vichache, vile vilivyofungwa kwa protini ya KRAP karibu na utando wa nje, mahali ghala linapojazwa. Vingine hutangatanga kwenye ukuta wa ghala na kukaa kimya hata IP3 ikiwepo. Kazi ya hivyo vingi vinavyokaa kimya ndiyo inayobishaniwa sasa.